Tunahama Malindi kwenda Amu (mji wa Lamu) na watoto watatu wako katikati ya usajili wa shule. Nianze na lipi?

MamaWatatu_Barani

Assalamu alaykum wana jukwaa. Nyumba yetu ya Barani tunaiachia 30 Novemba. Ya Amu, mtaa wa Langoni, itakuwa wazi 1 Februari. Watoto:

– Msichana, Gredi ya 9, anafanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, mwaka huu. Shule 12 za sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) keshazichagua, na zile tatu za kutwa zote ni za Malindi.
– Mvulana, Gredi ya 5, yuko akademia.
– Mdogo ana miaka minne, ataanza PP1, darasa la chekechea, Januari.

Je, nimhamishe msichana sasa hivi ili mtihani aufanyie Amu? Shule za Amu zitataka mkataba wa nyumba? Na Desemba na Januari nzima hatuna nyumba, tufanyeje?

Karani_wa_Rejista

Waalaykum salaam mama. Huyo wa Gredi ya 9 usimguse kabisa. Akishasajiliwa KNEC (baraza la mitihani), kituo chake cha mtihani ni pale aliposajiliwa. Matokeo ya KJSEA hujengwa na sehemu tatu: mtihani wenyewe asilimia 60, KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi aliyoifanya Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Zote zimefungwa kwenye namba yake moja ya tathmini. Ukimpeleka Amu Septemba, atakaa darasani Amu huku jina liko Malindi, na Oktoba mwishoni utalipa nauli ya kumrudisha. Amalize hapo hapo.

Kazi yake ya kuhama inaanza Desemba, shule zikishatangazwa. Wizara hufungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule, na dirisha lenyewe ni la siku chache tu, mara nyingine wiki haifiki. Kwa hiyo kabla ya hapo uwe na mambo mawili mkononi. La kwanza, namba yake ya tathmini, iandike mahali usipoweza kuipoteza. La pili, na hapa ndipo wengi huanguka, hakikisha shule unayoitaka Amu inafundisha mseto wa masomo aliouchagua. Watu huuliza "mna nafasi?" na kuambiwa ipo, kisha ombi linakataliwa. Nafasi huhesabiwa kwa mseto. Kama alichagua mkondo wa STEM (wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na masomo yake matatu ni Biolojia, Kemia na Kilimo, shule isiyo na mwalimu wa Kilimo haina nafasi yake hata madawati yakiwa matupu. Piga simu Oktoba, taja masomo matatu kwa majina, usitaje mkondo peke yake.

Na kama mseto huo haupo Amu mjini, amueni mapema: abadilishe mseto, au abaki bweni. Kati ya zile shule 12 alizojaza, 9 ni za bweni. Akipangiwa ya bweni, kuhama kwenu hakumhusu sana, ni nauli tu inayobadilika.

Mkataba wa nyumba hakuna atakayeuuliza. Shule za umma za kwetu hazigawi nafasi kwa mtaa wala kwa risiti ya stima.

Mwalimu_wa_Langoni

Naongeza kuhusu huyo wa Gredi ya 5, maana ndiye mwenye makaratasi mengi kuliko dada yake.

Mwache amalize muhula wa tatu huko aliko. Tathmini ya shuleni ya Gredi ya 5 ni asilimia 20 ya KPSEA yake ya mwakani, na ile ya Gredi ya 4 vivyo hivyo. Alama za Gredi ya 5 hupandishwa kwenye tovuti ya KNEC muhula huo wa tatu. Kabla shule haijafungwa, nenda mwambie mwalimu akuonyeshe kwenye skrini, au akupe nakala, kwamba alama zimeingia. Shule mpya haiwezi kuzijaza kwa niaba ya ile ya zamani.

Kisha uhamisho wenyewe. Unaanzia Amu, hauanzii Malindi. Unapata kwanza barua ya shule mpya inayosema nafasi ipo. Ukiwa nayo ndipo unaiomba shule ya zamani barua ya uhamisho, ripoti za mihula mitatu na namba yake ya tathmini, na hapo hapo wamwachilie kwenye mfumo wa wizara. Ukianza kinyume, mtoto anaachiliwa na hana pa kupokelewa, anabaki anaelea.

Barua bila kuachiliwa kwenye mfumo haisaidii. Mwalimu mkuu wa shule ya umma atamkalisha mtoto darasani, lakini mgao wa serikali, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, hauji kwa jina lisiloonekana kwake. Ndiyo maana utamwona anakupigia simu kila wiki. Mfumo wa zamani wa wizara, NEMIS, unaupisha mpya, KEMIS, siku hizi, lakini mtoto bado hawezi kusomeka shule mbili kwa wakati mmoja.

Sasa chukua cheti cha kuzaliwa ukiweke kando ya ripoti ya shule, usome herufi kwa herufi. Cheti kikisema Athman na rejista ikisema Athumani, au jina la babu likawa limeachwa, mfumo utagoma, kwa sababu unamtambua mtoto kwa namba ya cheti na jina lililo humo. Rekebisheni akiwa bado shule ya zamani. Akishaachiliwa, kila shule itakwambia nenda kule.

Mdogo wa PP1 ni rahisi. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye chanjo, basi.

BintiNgala

Kwa maoni yangu huyo wa Gredi ya 5 angebaki Malindi kwa jamaa hadi Aprili, amalize muhula wa kwanza, nyumba ikae sawa kwanza. Mbona haraka?

Mwalimu_wa_Langoni

Dada, kwa mtoto wa Gredi ya 3 ningekubaliana nawe. Huyu Januari anaingia Gredi ya 6. Usajili wa KPSEA hufanyika mapema mwakani, na pale atakaposajiliwa ndipo atakapofanyia. Aprili atakuwa keshafungwa Malindi, na mama atarudi kwenye shida ile ile ya dada mtu. Kama kuna jamaa, afadhali awe wa Amu: mtoto atangulie Januari akae kwao wiki nne, nyumba ifuate. Anayehesabiwa darasani ni mtoto, kabati hata likija Machi si neno. Sekondari msingi nayo iko ndani ya shule za msingi, kwa hiyo shule utakayomtia sasa huenda ndiyo atakayotoka nayo Gredi ya 9. Chagua ukijua hivyo.

Baharia_Mokowe

Mama, na mizigo je? Toka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, unapita Garsen na Witu. Novemba ni vuli: Tana ikifurika, barabara hukatika upande wa Gamba na lori linalala njiani. Uliza madereva kabla hujalipa. Ukiweza kumwomba mwenye nyumba wa Barani akuachie hadi Januari kwa kulipa mwezi kwa mwezi, itakufaa kwa nyumba na kwa njia.

Mokowe lori ndio mwisho. Hapo mzigo unashuka begani kwa hamali, unaingia mashua, unashuka tena Amu, kisha mkokoteni au punda hadi mlangoni. Patana bei ya safari nzima, usipatane ya mashua peke yake. Kabati na kitanda vifunguliwe Malindi. Vichochoro vya Langoni havina huruma na kabati la milango mitatu. Skurubu tia kwenye mfuko, ufunge kwenye ubao wenyewe.

Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa 10 jioni na saa 4 asubuhi ni makavu. Ukifika asubuhi ya bamvua, friji itapandishwa ngazi za gati zote kutoka chini. Siku za maji mafu ni kinyume: saa 4 asubuhi maji yamejaa, lakini kujaa na kupwa hakupishani sana.

Vyeti vya watoto visiingie kwenye mzigo. Bahasha ya plastiki, ndani ya mkoba wako, uushike mwenyewe. Maji ya chumvi yakirukia cheti, mhuri unatoka.

Karani_wa_Rejista

Nilisahau basari. Hapo ndipo anwani ina kazi. Fedha za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge) hugawiwa kwa eneo bunge na za kaunti kwa wadi, na fomu hutiwa saini na chifu wa unakoishi. Mkihama, Malindi itasema mmetoka, Amu itasema mmeingia jana. Chukua barua ya chifu wa Langoni wiki ile ile mtakayofika. Na hundi huandikwa kwa jina la shule: msiombe basari kwa shule ambayo msichana ataiacha, hundi haihami naye.

MamaWatatu_Barani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Moja la mwisho: akademia ya huyu wa pili tuna deni la karo la muhula huu, na wamesema hawamwachilii hadi senti ya mwisho.

Karani_wa_Rejista

Deni ni lenu, wala hakuna atakayelifuta. Andika barua ya makubaliano: kiasi, tarehe za malipo, saini yako na ya mkuu. Lipa kitu siku hiyo hiyo hata kama ni robo, na risiti uitunze. Wakikubali, omba aachiliwe mkiwa pamoja ofisini na uone jina likitoka, usikubali "tutafanya Jumatatu". Wakikataa hata hivyo, nenda na nakala ya barua hiyo, risiti na barua ya nafasi ya Amu kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ya Malindi. Nenda Novemba mwanzoni. Desemba ofisi ziko wazi lakini walimu wakuu hawapatikani, na wewe unamhitaji yule aliye na nywila.