Rimoti zinazogoma: tupeane uzoefu

Kitufe: Wakuu, kabla ya kununua rimoti nyingine, pima kwanza hiyo. Washa kamera ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi, bonyeza. Ukiona nuru ya zambarau inapepesa, inarusha mwanga wake usioonekana kwa macho. Tumia kamera ya mbele, maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo.

Waya Mwekundu: Nakazia hapo kwa kamera ya mbele.

Risasi: Kupepesa si ushahidi kamili. Ndani kuna kijipande cha kauri chenye miguu miwili, mara nyingi kimeandikwa 455. Kinapiga mdundo wa 455 kHz, yaani mara 455,000 kwa sekunde, chipu inaugawa kwa 12, inatoka karibu 38 kHz ambayo jicho la tivii linaisubiri. Rimoti ikianguka kinapata ufa. Aghalabu inakufa kabisa, lakini mdundo ukihama tu, taa itaonekana kwenye kamera na tivii isiitike. Hapo watu hufungua tivii nzima bure! Chomoa hicho, chomea kipya cha 455.

Siki Kwanza: Betri zikivuja, chovya pamba kwenye siki, futa springi mpaka povu liishe, malizia na spirti.

Mama Spirti: Siki ndani ya rimoti? Hapana. Inakula shaba. Spirti ya 90% inatosha.

Siki Kwanza: Dada, spirti haiuvunji ule unga mweupe. Ni magadi makali, unataka asidi. Spirti ni ya kuondoa siki baadaye.

Risasi: Mnabishana bila kutaja aina ya betri. Siki ni ya zile zilizoandikwa ALKALINE. Uchafu wa betri za zinki na kaboni una asidi tayari. Hapo tumia bikaboneti ya soda na maji kidogo.

Mzee wa Valvu: Niwarudishe 1955. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya Flash-Matic ya Eugene Polley: tochi unayomulika pembe nne za skrini, kila pembe ina seli ya kuhisi mwanga. Jua la dirishani likipiga pembe, stesheni inahama yenyewe! Mwaka 1956 Robert Adler akaleta rimoti ya Space Command. Nyundo ndogo inagonga fito za aluminiamu, kila fito na mlio wake, juu kuliko sikio la mtu linavyosikia. Haikuwa na betri hata moja. Ila funguo zikigongana, tivii nayo iliweza kuitika.

Kitufe: Kwa hiyo 38 kHz ndiyo kinga dhidi ya jua. Jua halikatiki, jicho linasikiliza mwanga unaokatwa mara 38,000 kwa sekunde.

Mama Spirti: Mzee, usimruke Nikola Tesla na boti yake aliyoiongoza kwa redio, New York, 1898.

Waya Mwekundu: Vitufe vya sauti tu vikigoma je?

Kitufe: Ni mafuta ya vidole chini ya raba. Futa kwa spirti, usisugue ule weusi. Ndio unaounganisha njia. Ukifutika, paka penseli laini.

Risasi: Penseli haikai. Gundisha kijikaratasi cha aluminiamu, gundi iwe nyembamba.

Siki Kwanza: Na tivii ikikataa rimoti nzima, toa betri za rimoti zote chumbani. Kitufe kilichobanwa kwenye moja huweza kurusha mfululizo na kulifunika jicho.