Farasi kavunjika pingili ya shingo: apasuliwe au apumzishwe tu?

Saisi_Barka: Wakuu, habari za usiku. Niko Oman, natunza farasi wa mtu binafsi. Juzi jike wa miaka miwili alishtuka akiwa amefungwa kwenye nguzo, akavuta kamba mpaka ikakatika, akaanguka chali. Shingo imekaza, haishushi kula chini, na jasho linamtoka hata kivulini. Anatembea, ila akigeuzwa miguu ya nyuma inayumba. Eksirei imeonyesha ufa kwenye pingili ya tatu. Daktari mmoja anasema apumzishwe bandani, mwingine anataka apasuliwe awekewe vyuma. Tajiri ananiuliza mimi kwa kuwa ndiye ninayeshinda naye. Nimjibu nini?

Kobe_Mzee: Shingo?! Huku kwetu punda akivunjika shingo hakuna kikao.

DaktariMifugo_Moro: Kobe, acha utani, wengine hupona kabisa. Saisi, hatari kubwa si ufa wenyewe, ni kuumia kwa ugwe mgongo, yaani kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili; huko kuyumba ndiyo dalili yake. Mifupa ikiwa haijahama na kuyumba ni kidogo, farasi wengi hupumzishwa bandani kwa wiki nyingi hadi miezi, wakipewa dawa za maumivu. Upasuaji huja pale pingili zinapochezacheza, zimehama, au kuyumba kunazidi siku hadi siku. Hulazwa chali, hupasuliwa upande wa koo, bomba la hewa husogezwa pembeni, kisha bamba la chuma hukazwa kwa skrubu chini ya pingili. Jirani hapo unapita mshipa wa fahamu wa zoloto (kisanduku cha sauti). Ukiumia, farasi anakoroma akikimbia.

Dada_wa_Ngong: Mimi ni saisi huku Nairobi. Kinachonitisha si kisu, ni kuamka kutoka nusukaputi. Farasi anakurupuka akiwa bado mlevi, na akianguka tena hapo kazi yote ya daktari imeharibika. Waulize wanamwamshaje: kuna wanaotumia kamba kichwani na mkiani, kuna wenye mikanda ya kumning'iniza. Wakibabaika kujibu, usikubali. Na kwa sasa inua ndoo na majani hadi usawa wa kifua. Usimfunge kamba hata kidogo!

Saisi_Barka: Asante dada, nainua leo hii. Tajiri anauliza pia kama atakimbia tena mashindano.

DaktariMifugo_Moro: Asiahidiwe. Kuna Seattle Slew wa Marekani, bingwa wa mataji matatu (mbio tatu kubwa za farasi za huko) 1977. Alipasuliwa shingo mwaka 2000, lakini yule alikuwa mzee wa kupandishia majike, na shida yake ilikuwa pingili zilizochakaa, si kuvunjika. Wako bado mdogo, mifupa inaunga vizuri. Ila mfupa unapounga huota kibonge, na kikiota kwa ndani kinaubana ugwe wiki kadhaa baadaye, wakati nyote mmeshatulia. Kwa hiyo apigwe picha tena na tena, na kuyumba kupimwe kwa ngazi ya 0 (hayumbi) hadi 5 (hawezi kusimama) na daktari yuleyule. Ningekuwa mimi, kabla ya kisu ningedai siti skani, picha inayoonyesha mfupa vipande vipande kwa ndani.

Kobe_Mzee: Siti skani ya farasi? Anaingiaje?

DaktariMifugo_Moro: Kichwa na shingo ya juu vinaingia, ya tatu kwa kawaida inafikika. Karibu na mabega ndipo mashine nyingi hugoma.

Saisi_Barka: Nimemwonyesha tajiri uzi huu. Kisu kimesimamishwa mpaka picha mpya itoke. Dada wa Ngong, hizo dawa za maumivu huko kwenu huwa mnawapa farasi kabla ya kula au baada?

Dada_wa_Ngong: Baada. Na muulize daktari dawa ya kulinda tumbo, zile za maumivu zinachimba vidonda.