Ukishamaliza gemu refu la kuzurura, unabaki na nini? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Unguja Mjini)
Assalaam alaykum. Jana nimemaliza Ghost of Tsushima na leo kazini sina raha. Kwa asiyelijua: ni kisiwa cha Japani mwaka 1274, Wamongolia wameshuka pwani, na Jin Sakai ni mmoja wa samurai wachache waliosalimika.

Kilichonishika si mapanga, ni upepo. Pembeni ya skrini hamna ramani. Unatelezesha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, nyasi zinalala, nawe unafuata. Mtu aliyekulia kwetu, ambako kusi na kaskazi ndizo zinazoamua ngalawa itoke au isitoke, hahitaji kufundishwa hilo.

Mwisho sasa. Jin anapambana na mjomba wake aliyemlea, na wewe ndiye unayechagua umuue au umwache hai. Mie nilimwacha. Mjomba hauawi, hata akiwa wa kwenye tivii. Maskani wamenicheka sana. Nyinyi je, na gemu gani lilikugandeni baada ya kwisha?

Mbuyuni
Yule mzee kaomba mwenyewe kufa kiaskari. Mie nilimuua, nikalia, kisha nikautazama mwisho wako YouTube. Naona ulimdhalilisha.

Bi Nesi
Langu Red Dead Redemption 2. Arthur Morgan anampiga mkulima mgonjwa kwa sababu ya deni, mgonjwa anamkoholea usoni, basi yameshamfika. Alipoanza kukohoa vibaya nilijua kabla daktari hajamwambia: kifua kikuu. Kaka yangu pembeni ananihimiza, "We piga risasi, acha kupima watu!" Nitaachaje? Hadithi ni ya 1899, na dawa za kuua vimelea vile zilikuja miaka ya 1940. Leo angekuja kliniki, akamezeshwa vidonge miezi sita bila kulipa hata senti, na kikohozi chake kingekwisha. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko risasi zote za mle ndani. Sehemu ya John, mwenzake unayemcheza Arthur akishakufa, niliicheza kwa kujilazimisha tu.

Wa Wete
Sisi GTA San Andreas, PS2, banda la kulipia kwa saa, tokea umeme wa Pemba ni wa majenereta, kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujaleta umeme wa bara mwaka 2010. Hakuna aliyelimaliza peke yake. Misheni hii yangu, ile yako, na ikifika skuli ya urubani anaitwa kwao yule mmoja anayejua kurusha ndege. Lilipokwisha, CJ, yule unayemcheza, tulimpandisha baiskeli tukawa tunazunguka naye mji wa Los Santos, hata polisi hatukuwachokoza. Mwenye banda akashangaa: "Leo mna nini?" Bado saa yetu alituhesabia kamili.

Korokoro
Breath of the Wild. Kuna mbegu 900 za Korok, vijitu vya msituni, zimefichwa dunia nzima ya gemu. Nimezitafuta zote. Zawadi yake ni kitu chenye umbo la kinyesi cha dhahabu. Naomba nisiulizwe zaidi.