Ruzuku ya moto na ya kurejesha ardhi: tuombe ipi kwanza?

Mwandishi wa Kikundi
Wadau, naombeni uzoefu wenu. Kikundi chetu kinatunza hekta 60 za mteremko. Moto kichaa ulipita miaka miwili iliyopita. Juu vimebaki visiki, chini korongo linapanuka kila mvua ikinyesha. Serikali imetangaza ruzuku yenye mafungu mawili, la kurejesha ardhi iliyoharibika na la kupunguza hatari ya moto. Zimebaki wiki sita. Wenzangu wengi wanataka tuombe miche elfu ishirini. Mimi naogopa tutakuwa tunapanda kuni. Sijawahi kuandika andiko la mradi, nisaidieni.

Mhasibu wa Miradi
Kabla ya miche, soma masharti ya malipo. Ruzuku nyingi hurejesha fedha mlizokwisha kutumia, kwa hiyo lazima muwe na cha kuanzia. Angalia pia mchango wa mwombaji. Marekani, kwa mfano, sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 1 kwa miaka 5 kusaidia jamii zilizo kwenye hatari ya moto, na mwombaji wa mradi wa kazi za ardhini (si wa kupanga tu) hutakiwa kuchangia asilimia 25, ingawa jamii maskini zinaweza kusamehewa. Saa za kazi za wanachama mara nyingi huhesabiwa kama mchango. Anzeni daftari la mahudhurio leo.

Mama Kitalu
Mwandishi, hofu yako ni ya kweli, usiiache. Nimesimamia mradi wa ruzuku kama huu. Mwaka wa kwanza tulipanda, tukafyeka kinga moto ya mita 10 (ukanda usio na majani wa kuzuia moto), tukapiga picha, tukafunga hesabu. Bajeti haikuwa na hata senti ya kufyeka mwaka wa pili. Majani yakarudi marefu kuliko mwanzo, maana jua sasa lilifika chini. Moto ulipokuja ulivuka kinga ile kana kwamba haikuwepo. Niliwaona vijana waliochimba mashimo yale wakirudi wamejaa masizi, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye andiko nililoandika mimi.

Kwa hiyo andikeni matunzo ya miaka mitatu mbele ya kitu kingine chochote. Kama fungu linalipa mwaka mmoja tu, punguzeni eneo.

Halafu tembeeni mteremko wote pamoja na waliouona moto ule, wawaonyeshe ulipoingilia. Moto hupanda mlima mbio. Wazima moto hukadiria kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi huwa karibu maradufu. Kinga ya katikati ya mteremko hulemewa, ile ya mgongoni mwa kilima ina nafasi nzuri zaidi.

Kuhusu korongo: moto mkali huweza kuacha tabaka linalokataa maji chini ya majivu, mvua ikateleza badala ya kuzama. Lazeni magogo yaliyoungua yakikingama mteremko, yazikwe kidogo ili maji yasipite chini yake. Korongo likidhibitiwa, miche itakuwa na udongo wa kushika.

Je, visiki vinachipua? Vikichipua, hamtahitaji miche mingi.

Mzima Moto Mstaafu
Naongezea uchomaji wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu. Kaskazini mwa Australia, wenyeji wa Arnhem Land huchoma vipande vipande mwanzoni mwa kiangazi ili moto mkubwa wa mwishoni ukose cha kula. Mradi wao wa magharibi mwa Arnhem Land ulianza 2006 na hulipwa kwa kupunguza gesi chafu zinazotokana na moto. Ila kwenu msiguse sehemu yenye machipukizi, na kibali kiwepo mkononi kabla ya kiberiti.

Mwandishi wa Kikundi
Ahsanteni sana. Mama Kitalu, leo tumehesabu visiki 100 na 71 vimechipua, vingine vimenifika kiunoni. Nilisimama pale nikashindwa kusema neno. Tumekubaliana miche iwe elfu tatu tu, kando ya korongo, na machipukizi tuyalinde yalivyo. Tunaomba fungu la moto kwanza: kinga ya mgongoni, na kufyeka miaka mitatu. Jumamosi tunaanza kulaza magogo, daftari la mahudhurio limeshafunguliwa.

Mama Kitalu
Pigeni picha korongo kabla ya gogo la kwanza, na muweke kigingi mahali aliposimama mpiga picha. Kila mwaka mpige kutoka hapo hapo.