Mkimya na mchangamfu, nani hufika mbali? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Leo naomba tupeane uzoefu kuhusu tabia zetu na mafanikio, maana jambo hili limenisumbua miaka mingi.

Mimi ni mkimya tangu utotoni. Siwaogopi watu, ila nikikaa nao saa mbili lazima nikae peke yangu ndipo nguvu zirudi. Kwenye kazi yangu ya kwanza nilikuwa naandaa hesabu zote za mradi, halafu kikaoni anazieleza mwenzangu mwenye mdomo. Cheo akapanda yeye. Niliumia sana. Miaka miwili nikajilazimisha uchangamfu, nacheka kwa sauti, kila kijiwe nimo, mpaka nikachoka na kazi yenyewe ikaanza kuharibika.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo. Nilianza kumpa bosi maelezo ya ukurasa mmoja siku moja kabla ya kikao, jina langu likiwa juu. Kikaoni nikawa naulizwa mimi, na kwa kuwa jambo nalijua, kujibu hakukunishinda. Mwaka uliofuata nikakabidhiwa timu.

Mwanasaikolojia Carl Jung alipoyaeleza makundi haya mawili, wakimya na wachangamfu, mwaka 1921 alizungumzia nguvu za mtu zinaelekea wapi, ndani au nje. Na uchambuzi wa watafiti Barrick na Mount wa mwaka 1991, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kuwa uchangamfu unamfaa hasa meneja na muuzaji, lakini bidii na umakini vilisaidia katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza. Laiti ningejua mapema, nisingejitesa ile miaka miwili.

Nyie wenzangu mmepitia yapi?

*

Mkuu, mimi kinyume chako kabisa. Kazi zote nilizopata nimezipata kwa mdomo; barua zangu za maombi hazijawahi kujibiwa hata moja. Ila nimepoteza wateja wawili wakubwa kwa kuahidi kabla sijasikiliza. Siku hizi naingia na daftari, mteja anaongea, mimi naandika. Kunyamaza nimekujifunza ukubwani, na kwa hasara.

*

Mimi mkimya na ninauza. Mteja akishaniamini ananiletea mwenzake. Sina wengi, lakini hawaondoki.

*

Mleta mada, hiyo ya ukurasa mmoja naianza leo usiku. Kesho saa nne nina kikao.