Naomba ushauri: darasa la tatu, kutoa kwa kukopa kunamshinda

Wakuu, habari zenu. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali, na mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Kujumlisha yuko vizuri, hata kwa kubeba. Shida ni kutoa kwa kukopa. Mpe 403 kutoa 178, anakuletea 375: kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, basi. (Chenji ya dukani lakini humdanganyi!)

Naona makumi na mamia hayajamkaa, ingawa ni sehemu ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya darasa la kwanza na la pili. Mwalimu anashauri akariri kwanza jedwali la kuzidisha. Mimi ningependa turudi kwenye vijiti, tufunge mafungu ya kumi kumi, maana kugawanya kwa kirefu kunadai kutoa.

Walimu wa msingi na wazazi mliopita huku, nianze na lipi? Na kabla ya la nne, ni yapi hasa lazima ayaweze bila kusaidiwa? Nusu na robo, kusoma saa, au hayo yanaweza kusubiri? Tuisheni sitaki kwa sasa, anarudi kachoka.