Ushauri: kikundi chetu kianze na mwandishi gani wa lugha ya Kihispania?

BintiUluguru
Habari zenu wakuu. Tuna kikundi cha kusoma vitabu hapa Morogoro, wengi wetu walimu na wauguzi, tunakutana mara moja kwa mwezi. Mwaka huu tumekubaliana kuwasoma wanaoandika kwa Kihispania, kupitia tafsiri za Kiingereza. Mwenzetu mmoja anashikilia tuanze na Cien años de soledad (yaani Miaka Mia ya Upweke), riwaya ya Gabriel García Márquez, maana ndiyo iliyompa jina duniani. Mimi naona ni nzito kwa kuanzia. Ukoo mzima wanarithishana majina, kina Aureliano na kina José Arcadio kizazi hadi kizazi. Nahofia watu watakimbia mapema. Tuanze na kipi? Na je, maisha ya mwandishi tuyajue kwanza?

KalamuYaMkaa
Dada, anzeni na huyo huyo Márquez ila kwa kitabu chembamba, El coronel no tiene quien le escriba, yaani kanali hana wa kumwandikia. Ukurasa wa kwanza tu, kanali mzee anakwangua mkebe wa kahawa kwa kisu mpaka kutu inadondoka pamoja na unga wa mwisho. Kila Ijumaa anakwenda kungoja boti ya posta, na barua ya pensheni haiji. Mkewe ana pumu, mtoto wao ameuawa, na alichowaachia ni jogoo wa kupiganisha. Wamuuze wapate chakula, au waendelee kumlisha wao wakilala njaa? Hapo walimu wenu hawatanyamaza, nani asiyemjua mstaafu anayefuatilia mafao?

Maisha yake yanasaidia sana. Alizaliwa Aracataca, Kolombia, mwaka 1927, akalelewa na babu yake, kanali aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kitabu hicho alikiandika Paris, gazeti alilokuwa akiliandikia, El Espectador, likiwa limefungwa chini ya utawala wa kijeshi, mshahara hakuna, naye anangoja pesa kutoka kwao. Ila hayo wasimulie baada ya kusoma.

MzeeWaRafu
Naunga mkono. Mwezi wa pili nendeni Meksiko kwa Juan Rulfo, Pedro Páramo ya 1955. Kijana anamwahidi mama yake anayekata roho kwamba atakwenda Comala kumtafuta baba. Anachokikuta huko sikisemi, na wewe usiwaambie. Rulfo baba yake aliuawa yeye akiwa mtoto mdogo, na ukubwani aliwahi kuuza matairi. Vitabu vyake ni vichache mno, lakini Márquez alipopewa hicho na rafiki yake Álvaro Mutis, alikisoma mara mbili usiku ule ule. Nanyi kisomeni mara mbili, kwa mara ya kwanza hadithi inaruka ruka.

MwanaWaPwani
Wakuu, mbona mnavuka bahari wote? Guinea ya Ikweta ni Afrika, na Kihispania ni lugha ya serikali. María Nsué Angüe alitoa Ekomo mwaka 1985, riwaya ya mwanamke wa kabila la Wafang anayeusimulia msiba wake mwenyewe. Yuko pia Juan Tomás Ávila Laurel na Arde el monte de noche, yaani mlima unawaka usiku, utoto katika kisiwa cha Annobón, njaa, moto mlimani, kipindupindu. Mwaka 2011 aligoma kula kuupinga utawala wa nchi yake, kisha akahamia Hispania. Inaniuma waandishi hawa wanapoachwa kila orodha inapoandikwa. Msiwaweke mwisho.

BintiUluguru
Asanteni sana. Kanali mwezi wa kwanza, Ávila Laurel wa pili, Rulfo wa tatu. Muuguzi mmoja anaomba na ushairi.

KalamuYaMkaa
Gabriela Mistral wa Chile. Jina lake halisi Lucila Godoy, alifundisha shule za vijijini kabla ya kuwa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata Nobeli ya fasihi, 1945. Tafuta Piececitos: miguu ya mtoto asiye na viatu, imepiga bluu kwa baridi, na watu wanapita hawaioni. Msome kwa sauti mwanzo wa kila kikao, dakika mbili zinatosha.

Na huyo mwenzenu mpeni Cien años mwishoni mwa mwaka, yeye ndiye aongoze. Achore mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, abandike ukutani, kila Aureliano na mama yake.